Jani la Njano Halitoshi: Kutafuta Sumu ya Metali Nzito kwa Kuusoma Mmea Mzima

Ukinionyesha picha ya jani la njano na kuniuliza kama udongo wako una sumu ya metali, nitakuomba picha nyingine: ya mzizi. Jani hupata habari mwisho. Mzizi ndio uliokutana na metali ana kwa ana, na kwa kawaida huwa umepambana nayo siku nyingi kabla jani halijabadilika rangi.

Chimba, usivute. Ukivuta, ncha za mizizi zinabaki ardhini na ushahidi wako wote unabaki nazo. Chagua mimea mitatu: mmoja ulio hoi, mmoja unaoonekana mzima, na mmoja wa katikati. Loweka donge zima kwenye ndoo ya maji mpaka udongo uachie wenyewe, kisha tandaza mizizi kwenye sahani nyeupe. Mzizi mzima wa mche wa mahindi una ncha nyembamba, nyeupe, inayong'aa kidogo, na nyuma yake kuna vinyweleo laini vilivyoshika chembe za mchanga. Mzizi uliopigwa na metali una ncha butu, nene, ya kahawia. Mizizi yake ya pembeni ni michache, au imechipua na kukwama ikiwa vijinundu vifupi. Ukiukunja, unakatika kama kijiti kikavu. Mara ya kwanza nilipouona nilikuwa nimeshatumia msimu mzima kuongeza mbolea ya naitrojeni kwenye mimea isiyo na mdomo wa kuilia, na mpaka leo hilo linaniuma.

Ukishaona mzizi, jiulize swali litakalokuongoza katika kila dalili hapa chini: metali imekwenda wapi? Mmea uliozungukwa na metali hufanya mambo mawili kwa viwango tofauti. Huizuia mlangoni isiingie, au huiacha iingie kisha huifungia stoo. Mmea unaozuia mlangoni huteseka mizizini, lakini sehemu inayoliwa hubaki salama zaidi. Mmea unaofungia stoo unaweza kustawi vizuri kabisa machoni pako. Stoo hiyo ikiwa ndiyo jani unalochuma, tatizo limehama kutoka kwa mmea kwenda kwa mlaji.

Kabla ya yote, ondoa watuhumiwa wa kawaida. Pima pH ya udongo, yaani kipimo cha utindikali wake: kadiri namba inavyoshuka chini ya 7, ndivyo udongo ulivyo tindikali zaidi. Angalia kama maji yanatuama. Angalia kama vifundo vilivyopo mizizini ni vya minyoo fundo, ambavyo ni vivimbe vya mviringo kwenye mzizi wenyewe wala si ncha zilizodumaa. Kisha tazama ramani ya ugonjwa: sumu ya metali hukaa kwa mabaka, na mabaka hayo huwa na historia. Hufuata mfereji wa maji, msingi wa jengo la zamani lenye rangi iliyobanduka, mstari wa uzio wa mabati, au mahali lilipomwagwa tope la majitaka.

Majani machanga ni ya njano, mishipa imebaki ya kijani

Hii ni sura ya upungufu wa chuma, na wengi hukimbilia kununua mbolea ya chuma. Huenda chuma kimo tele udongoni, ila mmea unanyimwa na metali nyingine. Mimea kama nyanya na njegere huingiza chuma kupitia protini iliyo kwenye utando wa seli za mizizi, iitwayo IRT1. Mlango huo haubagui vizuri. Zinki, manganizi, kobalti na kadimi hupita humohumo. Zinki ikijaa, chuma hukosa nafasi. Mmea ukihisi njaa ya chuma huongeza milango, na milango ikiongezeka metali zisizotakiwa huingia kwa wingi zaidi. Ndiyo maana hali hii huweza kuharibika haraka baada ya wiki kadhaa za utulivu.

Sasa ni metali ipi? Ikiwa pH imepita 7.5, inawezekana kabisa hakuna sumu yoyote na ni chuma tu kilichoganda kwenye udongo wa chokaa. Ikiwa pH iko chini ya 6 na baka liko karibu na mabati, waya wa uzio au mahali pa majitaka, shuku zinki. Ikiwa shamba lilikuwa la mizabibu, kahawa au michungwa iliyopigwa dawa ya shaba kwa miaka mingi, shuku shaba, hasa ukiona mizizi ya kahawia yenye matawi machache. Nikeli hujitokeza zaidi kwenye udongo uliotokana na miamba ya serpentini, na kwenye nafaka kama oti huchora michirizi iliyopauka na ya kijani inayokwenda kwa urefu wa jani.

Shaba inastahili maneno zaidi kwa sababu mara nyingi ni sisi tulioiweka. Dawa ya Bordeaux, yaani mchanganyiko wa kopasalfeti na chokaa, ilitangazwa na Mfaransa Millardet mwaka 1885 kupambana na ukungu wa mizabibu, na bado inatumika. Shaba haiozi. Hushikamana na mboji kwenye tabaka la juu na kukaa hapo, msimu juu ya msimu, mahali hasa ambapo mche mchanga unaanzia maisha. Ikizidi ndani ya seli huchochea kutengenezwa kwa chembe kali za oksijeni ambazo hutoboa utando wa seli. Mmea hujibu kwa vimeng'enya vya kuzima chembe hizo, na kwa protini ndogo ziitwazo metalothioneini zinazoikumbatia shaba ili isitembee ovyo. Zinki hufungwa na asidi za mmea ndani ya vakuoli, kifuko kikubwa kilicho katikati ya seli. Nikeli hushikwa na asidi amino iitwayo histidini.

Ukitaka uhakika kwamba njano hiyo ni ya chuma, pakaza myeyusho hafifu wa salfeti ya chuma upande mmoja wa jani changa. Ukijani ukirudi upande huo tu baada ya siku chache, basi jani lilikosa chuma. Lakini kumbuka kipimo hiki kinakwambia nini kimekosekana, hakikwambii nani amekizuia. Kwa zinki, shaba na nikeli, hatua yenye nguvu kuliko zote ni kupandisha pH kwa chokaa hadi 6.5 hivi. Kikemia, kila pH inapopanda kwa kizio 1, zinki inayoweza kuyeyuka kwenye maji ya udongo hushuka kwa kadiri ya mara 100. Kwa shaba ongeza pia mboji iliyoiva, maana hakuna kitu kinachoishika shaba kama mboji.

Madoa ya kahawia kwenye majani makongwe, au majani yamekunjamana

Hapa dalili imeanzia chini ya mmea, si juu, na mtuhumiwa wa kwanza ni manganizi. Hutokea udongo ukiwa na pH chini ya 5.5, au ukiwa umejaa maji siku nyingi, maana hewa ikikosekana manganizi iliyokuwa imeganda huyeyuka. Kwenye nyumba za mimea hutokea pia baada ya udongo kuchemshwa kwa mvuke ili kuua vijidudu. Pamba na soya hukunjamana majani, na kunde huonyesha madoa madogo meusi-kahawia. Madoa hayo ni manganizi yenyewe iliyooksidika kwenye ukuta wa seli pamoja na masalia ya kemikali za jani.

Alizeti itakudanganya. Chukua jani lake kutoka udongo wa namna hii, litazame kwa kioo cha kukuzia, na utaona nukta nyeusi zilizopangika chini ya kila kinyweleo. Wengi hudhani ni ukungu na kupiga dawa. Ni mmea unaosukuma manganizi kwenye vinyweleo vya jani, mbali na seli zinazofanya kazi, na jani hilo linaendelea kutengeneza chakula bila taabu kubwa. Hiyo ndiyo stoo niliyoitaja, imeonekana kwa macho.

Tiba ni kuondoa maji yaliyotuama na kuweka chokaa. Silika pia husaidia, kwa kuwa hufanya manganizi isambae sawasawa ndani ya jani badala ya kujikusanya na kuchoma sehemu moja.

Mizizi mifupi minene, majani ya zambarau, mmea unakauka mapema kuliko majirani

Kwa kusema kweli alumini si metali nzito. Naiweka hapa kwa sababu ndiyo metali inayodumaza mazao mengi kuliko nyingine zote kwenye udongo tindikali, na kwa sababu hapa ndipo tunapouelewa vizuri kuliko popote mmea unaozuia mlangoni.

Udongo karibu wote una alumini nyingi, imetulia ndani ya chembe za mfinyanzi. pH ikishuka chini ya 5 hivi, sehemu yake huyeyuka na kuwa sumu kwa ncha ya mzizi. Mzizi husimama kurefuka ndani ya saa chache. Baada ya hapo kila kitu unachokiona juu ni matokeo ya mzizi mfupi: zambarau ya majani ni njaa ya fosforasi, na kunyauka ni kwa sababu mizizi haifiki kwenye unyevu wa chini. Ukiongeza mbolea ya fosforasi bila kugusa pH, alumini hiyohiyo inaidaka.

Baadhi ya aina za ngano zina jibu la ajabu. Ncha ya mzizi inapoguswa na alumini, ndani ya dakika huanza kutoa asidi ya maliki, ileile inayolipa tofaa uchachu wake. Asidi hiyo huishika alumini nje ya mzizi na kuifanya isidhuru. Inatolewa na milimita chache tu za mwisho za mzizi, na hilo ni busara kubwa, kwa sababu asidi hiyo ni sukari ya mmea iliyogeuzwa, na kuimwaga kwenye mzizi mzima kungeufilisi. Jeni inayotengeneza mlango wa kutolea asidi hiyo, ALMT1, ilitambuliwa mwaka 2004 na watafiti wa Japani na Australia. Mtama una jeni ya kazi kama hiyo inayotoa asidi ya sitriki, na iligunduliwa mwaka 2007. Mahindi na shayiri pia hutumia asidi ya sitriki. Aina za zao moja hutofautiana sana, hivyo ukiambiwa mbegu fulani inavumilia udongo tindikali, mara nyingi maana yake ni kwamba mlango huu unafunguka upesi zaidi.

Mchai umechukua njia tofauti kabisa. Unaiacha alumini iingie, unaipandisha, na kuiweka kwenye ngozi ya majani. Jani kongwe la chai, likikaushwa, linaweza kuwa na zaidi ya gramu 10 za alumini kwa kilo na mti ukabaki na afya.

Kuna jaribio la vikombe ambalo nalipenda kuliko vipimo vingi, nalo hufaa pia kwa shaba na zinki. Chukua vikombe vitatu vyenye matundu chini. Cha kwanza kijaze udongo unaoushuku. Cha pili kijaze udongo huohuo uliochanganywa vizuri na chokaa ya kilimo, gramu 2 kwa kilo, ukakaa na unyevu wiki moja. Cha tatu kijaze udongo wa sehemu ya shamba inayostawi. Otesha mbegu kumi za ngano au mahindi kila kikombe, na siku ya tano zioshe taratibu upime mzizi mrefu wa kila mche kwa rula. Mizizi ya kikombe cha pili ikikaribia ya tatu wakati ile ya kwanza imedumaa, umepata mambo mawili kwa mkupuo: jibu kwamba tatizo linafungamana na utindikali, na dalili kwamba chokaa itafaa. Ikiwa mizizi ya kikombe cha kwanza na cha pili yote imedumaa, tatizo ni jingine, au metali ni nyingi kiasi kwamba kiwango hicho cha chokaa hakiifikii. Peleka udongo maabara.

Jambo la kuangalia ni kina. Chokaa hutembea polepole sana kwenda chini. Tabaka la juu linaweza kupona na la chini likabaki sumu, mizizi ikaota kwa mlalo kama imegonga sakafu. Hapo jasi (salfeti ya kalisi) husaidia, maana huyeyuka na kushuka na kalisi yake, ingawa haipandishi pH kama chokaa.

Mpunga umetoa masuke yaliyosimama wima, matupu

Suke lililojaa huinama. Ukiona shamba la mpunga limechelewa kukomaa, masuke yamesimama kama mishale, na maganda mengine yamepinda mfano wa mdomo wa kasuku, huo ni ugonjwa wa masuke wima. Una sababu zaidi ya moja, lakini aseniki ni moja iliyothibitishwa vizuri. Kusini mwa Marekani umeonekana sana kwenye mashamba ya mpunga yaliyowahi kuwa ya pamba, ambako dawa za magugu zenye aseniki zilitumika.

Kwa nini mpunga hasa? Kwa sababu unalimwa ndani ya maji, na kwa sababu unapenda silika. Shamba likifurika, hewa hukosekana udongoni na aseniki hugeuka kuwa aseniti, inayoyeyuka kirahisi. Aseniti inafanana kwa umbo na silika. Mpunga umejenga milango mikubwa ya kuingiza silika, Lsi1 na Lsi2, kwa sababu silika ndiyo inayoimarisha shina lake, na mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba aseniti hupita kwenye milango hiyohiyo. Kwenye udongo mkavu hali hubadilika: aseniki huwa aseneti, inayofanana na fosfeti, na kuingia kwa mlango wa fosfeti.

Mpunga haukubali kirahisi. Ng'oa mmoja kutoka kwenye tope na uoshe mizizi. Utaona imevikwa rangi ya kutu. Ni kutu kweli. Mpunga huteremsha hewa kutoka majanini kwa mirija ya ndani hadi mizizini, hewa hiyo inavuja, na chuma kilichoyeyuka kwenye tope kinaganda juu ya mzizi na kunasa sehemu ya aseniki. Inayopenya hufungwa na fitokelatini, minyororo mifupi ya kukamata metali nitakayoieleza hapa chini, na kusukumwa kwenye vakuoli, na kizuizi cha mwisho kiko kwenye vifundo vya shina, ambako jeni OsABCC1 huibakiza aseniki isifike kwenye punje.

Unachoweza kufanya wewe ni kukausha shamba kwa vipindi, hasa kabla masuke hayajaanza kuumbika ndani ya shina, kisha kurudisha maji. Mbolea ya silika, au kurudisha shambani makapi ya mpunga yenye silika nyingi ikiwa yametoka shamba safi, hupunguza aseniki inayoingia.

Lakini hapa simama kidogo. Ukikausha shamba lenye kadimi, hasa wakati punje zinajaa, utaiachia kadimi. Shamba likiwa na maji kadimi imefungwa na salfa, likikauka inafunguka na kuyeyuka. Maji yanayoiteremsha metali moja ndiyo yanayoipandisha nyingine. Usibadili ratiba ya maji kabla ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili uliyo nayo, na kama zote zipo, chagua mbegu kwanza.

Mmea ulianza kuzoea, kisha ukapauka wote

Hii hukosewa sana. Mmea unapofungia kadimi au aseniki stoo, hutumia kamba maalumu: fitokelatini, minyororo mifupi inayotengenezwa kutokana na glutathioni, kemikali ndogo ya seli yenye salfa. Wajerumani Grill, Winnacker na Zenk waliieleza mwaka 1985. Kila kiungo cha mnyororo huo kina salfa, na salfa ndiyo inayoishika metali. Kwa hiyo mmea unaojilinda unakula salfa nyingi. Udongo ukiwa na salfa kidogo, mmea huishiwa, ukuaji husimama, na majani hupauka kuanzia machanga. Glutathioni hiyohiyo ndiyo inayozima chembe kali za oksijeni, kwa hiyo mmea unapoteza ngao mbili kwa pamoja. Mbolea yenye salfa hapa si anasa. Jasi itafaa vizuri, na haiongezi utindikali kama salfeti ya amonia inavyofanya.

Hakuna dalili yoyote

Hapa ndipo naomba usome taratibu zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Shaba na zinki huudumaza mmea kabla hazijafika kiwango kikubwa cha kumdhuru mlaji, hivyo mmea wenyewe unatukinga. Kadimi haifanyi hivyo. Mchicha, spinachi na letusi zinaweza kubeba kadimi inayopita kiwango cha chakula huku zikiwa za kijani, laini na za kupendeza. Watu wa bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama nchini Japani, walikula mpunga uliomwagiliwa maji yenye kadimi kutoka mgodi wa Kamioka, mifupa yao ikalainika na kuvunjika kwa maumivu makali. Ugonjwa huo uliitwa itai-itai kutokana na kilio cha maumivu, na serikali ya Japani iliutambua rasmi kuwa umetokana na uchafuzi mwaka 1968. Mpunga ule uliota, ukatoa masuke, ukavunwa.

Kwa hiyo kama historia ya shamba inatia shaka, afya ya mmea isikutulize. Peleka maabara sehemu inayoliwa, ikiwa imeoshwa kama inavyooshwa jikoni, pamoja na sampuli ya udongo wake. Viwango vya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 0.4 za kadimi kwa kilo ya mchele uliokobolewa, na 0.2 kwa mboga za majani. Kwa aseniki isiyo ya kikaboni kwenye mchele uliokobolewa ni 0.2, na kwa risasi kwenye mboga za majani ni 0.3.

Matokeo yakirudi juu, rudi kwenye swali letu la stoo, maana jibu linakuchagulia zao. Kadimi hupanda kwa urahisi majanini, na mara nyingi hufika kidogo zaidi kwenye mbegu na matunda kama mahindi, maharage na nyanya. Alizeti na kitani ni vighairi, mbegu zao huikusanya. Tumbaku huijaza kwenye majani. Risasi hukwama mizizini, hivyo nyanya iliyoota kwenye udongo wenye risasi huwa na risasi kidogo sana ndani, ila vumbi lililoganda juu ya jani la mchicha linaweza kuwa nayo nyingi kuliko jani lenyewe. Osha vizuri, tandaza matandazo udongo usiruke wakati wa mvua, na usipande karoti hapo, kwa kuwa mzizi ndio chakula.

Ndani ya zao moja pia tofauti ni kubwa. Mpunga una jeni OsHMA3 inayosukuma kadimi kwenye vakuoli za mizizi na kuifungia huko. Aina ambazo jeni hiyo imeharibika huipandisha juu kwa wingi. Ngano ya durumu hukusanya kadimi kuliko ngano ya mkate kwa sababu ya kasoro kwenye jeni ya jamii hiyohiyo. Na mwaka 2012 watafiti wa Japani walieleza aina za mpunga wa Koshihikari zilizopigwa mnururisho wa ioni, zikapoteza mlango wa OsNramp5 unaoingiza manganizi na kadimi, na punje zake zikawa na kadimi ndogo mno.

Mambo mawili ya shambani yanayoongeza kadimi bila watu kujua: maji ya umwagiliaji yenye chumvi, kwa kuwa kloridi huibeba kadimi hadi mzizini, na upungufu wa zinki, kwa kuwa zinki ikikosekana kadimi huchukua nafasi yake. Udongo wenye njaa ya zinki ukiupa zinki kidogo, kadimi kwenye punje inaweza kushuka. La tatu ni mbolea ya fosfeti. Miamba ya fosfeti ya mashapo huja na kadimi yake, na Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2022 umeweka kikomo cha miligramu 60 za kadimi kwa kilo ya P2O5, namna ambayo fosforasi huhesabiwa kwenye mbolea. Soma karatasi ya mfuko.

Tiba zinazogeuka sumu

Chokaa si dawa ya kila metali. Aseniki, na kromi ile ya aina kali, hutembea zaidi pH inapopanda. Mbolea ya fosfeti nayo inaweza kuing'oa aseniki kutoka kwenye chembe za udongo. Usimwage kemikali za kunasa metali kama EDTA kwenye shamba la wazi kwa matumaini ya kusafisha, kwani huyeyusha metali na kuiteremsha kwenye maji ya chini ya ardhi.

Na mimea inayokusanya metali kwa wingi? Ipo na inastaajabisha. Kangaga Pteris vittata, iliyotangazwa mwaka 2001, hujaza aseniki kwenye majani yake. Mti wa New Caledonia, Pycnandra acuminata, una utomvu wa rangi ya buluu-kijani kwa sababu ya nikeli. Lakini kwa mkulima mwenye udongo uliochafuka sana, kusafisha kwa mimea ni kazi ya miaka mingi, na nisingependa mtu aendelee kulisha familia yake mchicha wa shamba hilo akisubiri kangaga imalize kazi.

Baada ya marekebisho, chukua sampuli upya kwa namna ileile: vijiti 15 hadi 20 vya udongo kutoka kila baka, kina cha sentimita 20, vichanganywe, na baka bovu lisichanganywe na zuri. Ukichanganya, wastani utaonekana salama na sehemu yenye sumu itapotea ndani yake. Usiishie kwenye kipimo cha jumla ya metali. Omba na kile cha metali inayoyeyuka, kwa kuwa chokaa na mboji hazipunguzi jumla, hupunguza ile inayoweza kuingia mzizini.

Mimea uliyoing'oa wakati wa uchunguzi usiirudishe kwenye biwi la mboji, usiilishe mifugo, wala usiichome moto jikoni. Metali haiungui: kadimi na aseniki zitapanda na moshi na nyingine itabaki kwenye jivu, ambalo mtu mwenye nia njema atalinyunyiza kwenye bustani. Ifunge kwenye mfuko, iweke alama, na uwaulize watu wa maabara uliyoipelekea sampuli ni wapi pa kutupia taka za aina hiyo.